HOTUBA YA DOUGLAS HYDE NA SWALI LA UAYALANDI

Tarehe 25 Novemba, 1892, Douglas Hyde alisimama mbele ya Chama cha Taifa cha Fasihi mjini Dublin akatoa hotuba ambayo jina lake laweza kufasiriwa hivi: "Haja ya Kuivua Ayalandi Uingereza." Mwaka 1894 hotuba hiyo ilipigwa chapa pamoja na hotuba za Charles Gavan Duffy na George Sigerson katika kitabu kimoja juu ya kufufuka kwa fasihi ya Kiayalandi. Tangu hapo imekuwa ikitajwa na wengi na kusomwa na wachache. Wanaoisifu huiita chemchemi ya juhudi zote za utamaduni zilizofuata. Wanaoilaumu huiita mbegu ya ubaguzi. Pande zote mbili huipeperusha kama bendera. Makala haya yaichukua kama maandishi yenye hoja, na kuuliza mambo mawili: Hyde alidai nini hasa, na miaka iliyofuata imethibitisha nini na kukanusha nini katika madai yake.

Swali hili lawahusu wataalamu wa lugha popote walipo. Husemwa mara kwa mara kwamba lugha ndiyo roho ya taifa, na msemo huo hukubaliwa pasipo kupimwa. Ayalandi ni mahali ambapo umepimwa kwa ukali mno. Kama lugha ni roho, basi taifa ambalo watu wake wengi waliiacha lugha yao katika muda wa vizazi vichache lingepasa kuwa maiti. Nalo si maiti. Na kama lugha si roho, basi ni ajabu kwamba taifa hilo hilo limeihangaikia lugha hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa sheria, kwa shule na kwa fedha za serikali. Hotuba ya Hyde yasimama katikati ya mafundo haya mawili.

Neno moja katika jina lake lataka maelezo kwanza. Kwa Kiswahili, "Uingereza" ni jina la nchi, na pia laweza kuwa jina la hali, yaani hali ya kuwa Mwingereza, kama utu ulivyo hali ya kuwa mtu. Hyde alikusudia maana ya pili. Mazungumzo yake hayakuhusu kuwafukuza watawala. Yalihusu vazi ambalo Waayalandi walijivika wenyewe. Waliomfuata hawakuzitenga maana hizi mbili sikuzote, na kosa hilo, kama itakavyoonekana, lilimgharimu yeye mwenyewe.

MZUNGUMZAJI NA WAKATI WAKE

Hyde alizaliwa mwaka 1860 huko Castlerea, katika wilaya ya Roscommon, mwana wa kasisi wa Kanisa la Ayalandi, ambalo ni la Kiprotestanti. Kiayalandi hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Alijifunza ujanani kwa watu wa kawaida wa mashambani karibu na Frenchpark. Hivyo aliingia katika lugha kwa mlango wa mgeni, na kama wageni wengi waliokaribishwa vyema, aliithamini nyumba kuliko baadhi ya wenyeji. Lakini wenyeji walikuwa na sababu zao za kuihama, na sababu hizo hazina budi kuelezwa kabla ya hotuba kuhukumiwa.

Sababu ya kale ni utawala. Mwaka 1366 zilitungwa Sheria za Kilkenny, zilizowakataza walowezi wa Kiingereza kusema Kiayalandi, kujiita majina ya Kiayalandi, kuwakaribisha waimbaji, washairi na wasimulizi wa Kiayalandi, na kucheza mchezo wa magongo. Sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kifaransa, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya sheria ya watawala siku zile. Mambo mawili yafaa kuangaliwa. La kwanza, amri ile ilikusudiwa kuwazuia walowezi wasigeuke kuwa Waayalandi, maana yake ni kwamba wakati huo nguvu ya kuvuta ilikuwa upande wa wenyeji. La pili, mtunga sheria aliweka lugha, jina, wimbo na mchezo katika fungu moja. Hyde, miaka 526 baadaye, aliyaweka mambo yale yale manne katika fungu lile lile, ila sasa walioaswa wasigeuke walikuwa Waayalandi.

Sababu ya karibu ni njaa. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha watu zaidi ya milioni 8 katika kisiwa kizima. Mwaka 1845 ugonjwa uliviharibu viazi ulaya, navyo vilikuwa chakula cha maskini. Katika miaka michache iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kuhama. Pigo liliangukia zaidi upande wa magharibi, na huko ndiko lugha ilikokuwa na nguvu. Hesabu ya mwaka 1851, ya kwanza kuuliza habari za lugha, iliwakuta wasemaji wa Kiayalandi milioni moja na nusu hivi. Mwaka 1891, yaani mwaka mmoja kabla ya hotuba, walikuwa wamebaki 680,000 au karibu na hapo.

Wazazi walioacha kuwasemesha watoto wao Kiayalandi hawakuwa wapumbavu. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Mahakama ilisema Kiingereza. Tiketi ya meli na barua yenye fedha kutoka Boston au New York vilikuja kwa Kiingereza. Hata Daniel O'Connell, kiongozi mkuu wa Wakatoliki, ambaye Kiayalandi kilikuwa lugha yake ya utotoni, aliona kwamba manufaa ya Kiingereza yalitosha kumfanya mtu asiilie lugha ya kale. Lugha iliyohusishwa na kaburi na mkono mtupu haikuweza kushindana kwa hoja za uzuri peke yake.

HOJA YA HYDE

Hyde hakuanza na lugha. Alianza na ukinzani, na hapo ndipo hotuba yake ina nguvu kubwa kupita mahali pengine pote. Mwayalandi, alisema, humchukia Mwingereza na huku humwiga. Anataka ulimwengu umtambue kuwa taifa mbali, na wakati huo huo anazitupa moja moja alama zote ambazo kwazo angetambuliwa. Hivyo amesimama kati ya nyumba mbili: hawi Mwingereza, na hataki kuwa Mwayalandi. Hyde alitahadharisha pia kwamba yaliyo mema ya Kiingereza hayakatai. Akataacho ni kupokea kila kitu cha Kiingereza bila kuchagua, kwa sababu tu ni cha Kiingereza. Wasomaji wengi wameisahau tahadhari hii.

Baada ya hapo alileta ushahidi mmoja juu ya mwingine: lugha, majina ya ukoo, majina ya watoto, majina ya mahali, muziki, michezo, mavazi, na vitabu vinavyosomwa nyumbani. Sehemu iliyo bora ni ile ya majina, kwa kuwa hapo Hyde alizungumza kama mwanachuoni na hakuhitaji kupaza sauti. Katika majina ya Kiayalandi, "Mac" ni kama "bin" katika Kiswahili cha pwani, yaani mwana wa fulani, na "Ó" ni mjukuu au mzao. Wengi walizikata silabi hizi ili majina yao yasikike kama ya Kiingereza; wengine walifasiri jina zima, hata Mac Gabhann, ambaye ni mwana wa mhunzi, akawa Smith. Mtu wa namna hiyo haoni tena uhusiano kati ya jina lake na mababu zake.

Kadhalika majina ya mahali. Neno la Kiayalandi la kanisa, "cill", na neno la msitu, "coill", yote mawili hugeuka kuwa "Kil" katika ramani ya Kiingereza. Asiyejua lugha hawezi kutambua kama mji wake ulianza kwa mtawa au kwa miti. Kildare ni Cill Dara, kanisa la mwaloni. Maana hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtoto, na sasa yatafutwa katika kamusi. Hapa Hyde alithibitisha jambo moja bila shaka yoyote: lugha inapoondoka, ardhi yenyewe haisomeki. Brian Friel aliijenga tamthilia yake, Translations, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Derry mwaka 1980, juu ya jambo hili hili, yaani upimaji wa ramani na ubadilishaji wa majina katika karne ya 19. Tamthilia hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na watazamaji hutakiwa kukubali kwamba baadhi ya wachezaji wanasema Kiayalandi. Mbinu hiyo yadhihirisha msiba wenyewe: hata kilio cha kuipoteza lugha hakina budi kuliwa katika lugha nyingine ili kisikike.

Udhaifu wa hoja waanzia pale Hyde alipoyachukulia mambo yake yote kana kwamba ni ya jinsi moja. Kwake yeye, kuvaa kitambaa kilichofumwa nyumbani, kupiga fidla, kucheza magongo na kusema Kiayalandi ni matendo ya aina moja, na kinachohitajika katika kila moja ni kuacha kuiga. Uzito wa hoja yake umelala juu ya aibu ya kuiga, na hivyo lawama humwelekea mwigaji. Lakini mtu aweza kubadili vazi kwa siku moja na mchezo kwa mwaka mmoja. Lugha hubadilika pale tu ambapo mama na mtoto, muuzaji na mnunuzi, shahidi na hakimu, wote wamebadilika pamoja. Mvaaji aweza kulaumiwa kwa vazi. Lugha ya jamii nzima haiponyeki kwa kulaumiwa.

Tena liko jambo la vitabu. Hyde alionya juu ya visomo vya bei rahisi vilivyoletwa kutoka Uingereza, akataka nyumba za Waayalandi zisome Thomas Moore na Thomas Davis. Wote wawili waliandika kwa Kiingereza. Hata hotuba yake ilitolewa kwa Kiingereza, kwa kuwa wasikilizaji wake wengi mjini Dublin wasingeielewa vinginevyo. Mwezi mmoja haukupita W. B. Yeats akajibu katika gazeti la United Ireland, akiuliza kama haiwezekani taifa kuwa na fasihi yenye roho ya Kiayalandi ijapokuwa lugha yake ni ya Kiingereza. Swali la Yeats ndilo lililokosa jibu katika hotuba, na njia bora ya kulijibu ni kutazama yaliyotokea katika wimbo, katika mchezo, na katika lugha yenyewe.

WIMBO

Mnamo Julai 1792, yaani miaka mia moja kabla ya hotuba, wapiga vinubi kumi wa Kiayalandi walikusanyika Belfast, wengi wao wazee na baadhi yao vipofu. Mmoja wao, Denis Hempson, aliyekwisha pita miaka tisini, alipiga nyuzi kwa kucha kama walivyofanya wa kale. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, aliwekwa aandike tuni zao. Alizichapa mara ya kwanza mwaka 1796. Bunting hakujua Kiayalandi, akahifadhi sauti bila maneno. Ilikuwa mwaka 1802 tu alipomtuma Patrick Lynch kwenda magharibi kuyakusanya maneno ya nyimbo. Thomas Moore akazichukua baadhi ya tuni hizo na nyinginezo, akazitungia maneno ya Kiingereza, akayatoa kwa mafungu kati ya mwaka 1808 na 1834. Nyimbo hizo ziliimbwa katika sebule za London na katika vibanda vya wahamiaji wa Marekani.

Hivyo wimbo uligawanyika: tuni ilivuka ng'ambo na maneno yalibaki. Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa wizi, au kwamba ulikuwa uokozi. Lililo hakika ni kwamba tuni haikuwa na haja ya mfasiri, na kwa sababu hiyo iliishi hata pale ambapo lugha ilikufa.

Hyde mwenyewe alijaribu kuyaunganisha tena yaliyotengana. Mwaka 1893, mwaka uliofuata hotuba, alitoa mkusanyo wa nyimbo za mapenzi za Connacht, maneno ya Kiayalandi upande mmoja na fasiri ya Kiingereza upande wa pili. Alitaka fasiri iwe ngazi ya kumfikishia msomaji katika lugha ya asili. Lakini katika fasiri hizo hakutumia Kiingereza cha London. Alitumia Kiingereza cha wakulima wa magharibi, ambacho kinafuata mifupa ya Kiayalandi. Mifupa hiyo si vigumu kwa msomaji wa Kiswahili kuitambua. Kiayalandi hakina kitenzi cha kumiliki. Mwenye kitabu husema kwamba kitabu kiko kwake, kama Mswahili asemavyo kwamba yu na kitabu. Mwenye huzuni husema huzuni iko juu yake. Hakuna neno moja la kukubali wala la kukataa. Anayeulizwa kama alikwenda hujibu kwa kukirudia kitenzi, kwamba alikwenda au hakwenda. Na katika Kiingereza cha Ayalandi, mtu aliyemaliza kula sasa hivi husema kwamba yuko baada ya kula, kwa kuwa hivyo ndivyo Kiayalandi kisemavyo.

J. M. Synge na wenzake walijifunza kutokana na fasiri hizo, na tamthilia ya Synge, The Playboy of the Western World, iliyozusha ghasia ilipochezwa Dublin mwaka 1907, ni tunda la mti huo. Upande wa Kiayalandi wa kurasa za Hyde ulipata wasomaji wachache. Upande wa Kiingereza ulizaa fasihi iliyosomwa ulimwenguni pote. Mtu aliyetaka kuivua Ayalandi Uingereza ndiye aliyekifundisha Kiingereza kuvaa Uayalandi. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa Yeats, na alilitoa Hyde mwenyewe pasipo kukusudia.

MCHEZO

Katika hotuba yake Hyde alikisifu Chama cha Michezo cha Kigaeli kuliko karibu kila chama kingine. Chama hicho kilianzishwa na Michael Cusack, Maurice Davin na wenzao katika hoteli moja mjini Thurles tarehe 1 Novemba, 1884, ili kuhuisha mchezo wa magongo, mpira wa Kigaeli na riadha. Hyde aliona kwamba kimetenda mema zaidi kuliko hotuba za wanasiasa. Na katika mambo yote aliyoyataja, mchezo ndio uliofanikiwa kabisa. Yafaa kuuliza kwa nini.

Sababu ya kwanza ni mpango wake. Chama kilijengwa juu ya parokia na wilaya. Kijana hachezi kwa ajili ya wazo liitwalo taifa. Achezea kanisa lililombatiza na shamba la jirani yake, na akifuzu, achezea wilaya yake miongoni mwa wilaya 32 za kisiwa kizima. Sababu ya pili ni kwamba wachezaji hawalipwi mshahara, wala hawauzwi kutoka timu hadi timu, hata wale wanaocheza mbele ya watazamaji 82,000 katika uwanja wa Croke Park. Sababu ya tatu ni damu. Tarehe 21 Novemba, 1920, askari wa serikali ya Uingereza waliufyatulia risasi umati katika uwanja huo wakati Dublin na Tipperary wakicheza. Watu 14 walikufa, na mmoja wao alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, ambaye jina lake limepewa jukwaa moja la uwanja.

Lakini ni mchezo pia unaoonyesha hatari iliyofichika katika neno "kuvua". Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 chama kilishika kanuni ya kuwatoa wanachama waliocheza au kutazama michezo iliyoitwa ya kigeni, kama vile soka, raga na kriketi. Mwaka 1938 Hyde alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Ayalandi, chini ya Katiba ya mwaka 1937. Mwezi Novemba mwaka ule ule alihudhuria, kwa cheo chake, mchezo wa soka kati ya Ayalandi na Poland katika uwanja wa Dalymount Park. Chama kikamwondoa katika daraja ya walezi wake. Mzee aliyekisifu mbele ya wote mwaka 1892 alihukumiwa kwa kanuni iliyochipuka katika fikira zake mwenyewe, lakini bila ile tahadhari yake, kwamba mtu achague yaliyo mema.

Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1971. Mwaka 2005 chama kilikubali kwamba Croke Park ifunguliwe kwa michezo mingine, na tarehe 24 Februari, 2007, timu ya raga ya Ayalandi ilicheza na Uingereza katika uwanja ule ule wa mauaji ya mwaka 1920. Wimbo wa taifa wa Uingereza uliimbwa, na umati ukaunyamazia kwa heshima. Ayalandi ilishinda kwa 43 dhidi ya 13. Uayalandi haukupungua siku ile. Tukio hilo lapasa kuwekwa mbele ya kila anayedhani kwamba taifa hulindwa kwa kuwafungia wengine mlango.

LUGHA KATIKA MIKONO YA DOLA

Tarehe 31 Julai, 1893, Hyde pamoja na Eoin MacNeill na wengine walianzisha Conradh na Gaeilge, chama cha lugha ya Kigaeli. Hyde alikiongoza hata mwaka 1915. Alitaka lugha isimame juu ya vyama na madhehebu, pahali ambapo Mprotestanti kama yeye na Mkatoliki wangekutana. Mwaka huo chama kiliingiza uhuru wa nchi katika shabaha zake, naye akajiuzulu. Waasi wengi wa mwaka 1916 walikuwa wanafunzi wa darasa zake za lugha, na dola waliyoiasisi iliichukua lugha mikononi mwake. Katiba ya mwaka 1937 yataja Kiayalandi kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Shuleni kilikuwa somo la lazima, na hata mwaka 1973 aliyekishindwa katika mtihani wa mwisho alikosa cheti chote.

Matokeo yaonekana katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 katika Jamhuri. Zaidi ya watu 1,870,000 walisema kwamba wanajua Kiayalandi. Lakini waliosema kwamba hukisema kila siku nje ya shule walikuwa takriban 72,000. Tofauti baina ya hesabu hizi mbili ni hukumu nzito juu ya juhudi za karne moja. Dola iliweza kuwapa watu ujuzi wa lugha. Haikuweza kuwapa pahali pa kuisemea. Mchezo uliachwa katika mikono ya parokia ukastawi. Lugha ilikabidhiwa mwalimu na mtahini ikawa deni la kulipwa na kusahauliwa.

Lisingekuwa jambo la haki, hata hivyo, kusema kwamba yote yalikuwa bure. Pasipo Hyde na warithi wake, huenda lugha isingekuwa na kamusi, redio, shule zinazofundisha masomo yote kwa Kiayalandi, wala nafasi yake ya lugha rasmi katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007. Lugha ambayo mwaka 1892 ilionekana kuwa ya wakongwe peke yao bado ina waandishi na watoto.

HUKUMU

Mambo yote manne, historia, lugha, wimbo na mchezo, hukutana mahali pamoja, na hapo ndipo hoja ya Hyde yaweza kupimwa kwa haki. Kabla ya mchezo wa fainali katika Croke Park umati huimba wimbo wa taifa. Wimbo huo ulitungwa kwa Kiingereza na Peadar Kearney, tuni yake akaitunga pamoja na Patrick Heeney, ukachapwa mwaka 1912. Liam Ó Rinn akaufasiri kwa Kiayalandi mwaka 1923, na dola ikaukubali kuwa wimbo wa taifa mwaka 1926. Leo huimbwa kwa Kiayalandi, na wengi hawayajui hata maneno ya awali. Hivyo makumi ya maelfu ya watu, ambao wengi wao wasingeweza kuagiza chakula kwa Kiayalandi, husimama na kuimba kwa Kiayalandi fasiri ya wimbo wa Kiingereza.

Mwenye dharau ataona hapo kichekesho. Mchunguzi ataona jambo zito zaidi. Umati ule hauigizi. Hisia yake ni ya kweli. Lugha imekuwa kwao kama hirizi shingoni: haisomwi, lakini hakuna anayekubali kuivua. Yeats amepata haki katika sehemu moja, kwani taifa limeishi, limeimba, limecheza na kuandika kwa lugha ya kuazima bila kuyeyuka ndani ya Uingereza. Hyde amekosea alipodhani kwamba kuondoa cha kigeni kwatosha kurudisha cha asili, na wafuasi wake walikosea zaidi walipoanza kuwapekua watu mavazi. Aidha alikosea alipoweka wimbo, mchezo na lugha katika mizani moja.

Lakini katika neno lililo kubwa kuliko yote Hyde hakukosea, na ni hapa ambapo wasifu wake wa siku hizi humsifia pasipofaa na kumnyima sifa anayostahili. Hakusema kwamba asiye na Kiayalandi si mtu. Alionyesha kwamba mtu huyo amesimama juu ya ardhi asiyoweza kuisoma, akiitwa kwa jina asilojua maana yake, akiimba tuni ambayo maneno yake yalikwenda na bibi yake. Wimbo waweza kuitunza huzuni ya upotevu huo, na mchezo waweza kuitunza fahari. Hakuna kimoja kati yake kiwezacho kumwambia mtu wa Kildare habari ya mwaloni. Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mfano wa Ayalandi walazimisha methali hiyo ipokewe kwa hadhari: yupo mtu aliyeacha lugha asiwe mtumwa, akabaki na fahari na ngoma zake, na hata hivyo amepoteza kitu ambacho fahari na ngoma haziwezi kukilipa.

Kwa hiyo wale 72,000 wa mwaka 2022 ni hesabu muhimu kuliko ile milioni na zaidi. Alama hukaa hata bila wao. Wimbo wa taifa utaimbwa na magongo yatapigwa. Lakini siku nyumba za mwisho zitakapoacha kuitumia lugha katika kununua maziwa na kugombeza watoto, kile ambacho umati huimba hakitakuwa tena lugha ya mtu yeyote. Hotuba ya mwaka 1892 yastahili kusomwa tena kwa ajili ya onyo hilo, na isomwe pamoja na tahadhari yake iliyosahauliwa, kwamba mtu achague na asifukuze. Zikisomwa pamoja, zaonyesha pia pahali ambapo kazi ingeanza: si katika kupekua vilivyo vya kigeni, bali katika kuzipatia nyumba zile sababu za kila siku za kuendelea kusema.